Mlango Ulioachwa Ziwani

Wairimu, mama yangu,

Umetoka hapa ukisema unaenda kusukwa na kwamba hutakawia. Mimi nimeishi na wanawake wa kutosha kujua kwamba hiyo ni jioni nzima. Kwa hivyo nimefunga karakana, nimeketi pale mezani karibu na dirisha kabla jua halijashuka, na nimechukua penseli yangu ya kazi. Ukiona mistari mizito namna hii usifikiri nimekasirika. Penseli ya seremala imezoea kuandika juu ya mbao, karatasi inaionea.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutomwachia mtu usiyemjua mkoba wako, mama yako ameyasema yote, na najua atayasema tena kesho ukiwa umeshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Hapo sina la kuongeza. Mimi nataka tuzungumze juu ya Jumanne.

Jumanne tukila, mama yako alikuuliza hiyo kazi ya Pwani hasa ni ya nini, maana akina mama wa kanisani wanamuuliza naye anabaki kusema "mambo ya bahari". Ukamweleza vizuri sana. Ukasema bahari inakula ufuo, na kuna nyumba zilizokuwa mbali na maji ambazo sasa mawimbi yanazipiga ukutani. Ukasema mtakuwa mnaenda nyumba kwa nyumba kuwauliza watu wanaionaje hatari hiyo, na kuwaomba waliojenga karibu mno warudi nyuma, ule ukanda wa ufuo uachwe wazi na mikoko irudi. Nilikuwa nakusikiliza kifua kimejaa, nikijiambia huyu ni mtoto wangu anaongea hivi. Halafu ukasema, "Shida ni watu wenyewe, Mum. Ni wagumu! Wameambiwa mara ngapi? Hawana awareness kabisa."

Mama yako akanitazama. Mimi nikasema naenda kuangalia kuku.

Ulinifuata nje baadaye. "Dad, kuku walilala kitambo. Unaangalia nini?" Nikakujibu kitu kuhusu waya wa banda, na waya wenyewe hauna shida yoyote. Unanijua. Mambo yakinizidi huwa nina kuku wa kuangalia.

Lakini kabla sijatoka kule bandani nilisikia lile lingine ulilomwambia mama yako jikoni, ukidhani siko karibu. Ulisema kama nitarudi kujenga ziwani, wewe huendi kazini. "Nitaambia aje baba ya mtu ahame, na wangu anarudi?" Kuta za nyumba hii ni za mbao nyembamba, nilizipigilia mwenyewe, na najua zinavyosikia. Sikulala vizuri siku hiyo. Kazi uliyoitafuta kwa muda huo wote, uiache kwa sababu yangu?

Basi nina mambo mawili ya kukujibu. Nitaanza na hilo la watu wagumu, kwa sababu bila hilo la pili halitaeleweka.

Hao watu wagumu nawajua. Mmoja wao anakuandikia barua.

Umekua ukisikia habari zetu za ziwani kama kichekesho cha Krismasi. Baba na maranda yake, Baba na Mzee Langat langoni, watu wanacheka mpaka chai inawapalia. Nami nacheka pamoja nao. Ila sijawahi kukusimulia moja kwa moja, tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe hauko ziwani. Uko Elburgon, juu msituni, na mwenyewe ni shosho wako, mama yangu mzazi, yule uliyepewa jina lake na ndiyo maana nakuita mama hata ukinikasirisha.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao, na tuliishi katika vijiji vile vya msituni. Utaratibu wa huko ulikuwa hivi. Mnapewa kipande kilichokatwa miti, mnapanda viazi na mahindi katikati ya miche michanga, mnaipalilia yote pamoja. Miche ikikua na kufunika jua, viazi vinakataa, nanyi mnahamia kipande kingine. Sisi tulikuwa tunahamishwa na miti, na tukazoea. Nyumba zetu zilikuwa za mabanzi, yale maganda ya gogo yanayotupwa kiwandani. Kitu kimoja tu kilikuwa kimepigwa randa, nacho ni mlango. Baba aliutengeneza kwa mtarakwa, ule mti mwekundu unaonukia hata ukikaa miaka. Kila tulipohama, kabla hajafunga hata sufuria, shosho wako aliung'oa mlango kwenye bawaba. "Nyumba ni mlango," alikuwa akisema. "Hizo zingine ni kuni."

Siku moja tukahamishwa, na safari hii haikuwa miti. Watu walikuja wakasema kijiji chote kitoke. Tulidhani tuna muda, lakini kabla hatujamaliza kubishana moshi ulikuwa umeanza upande wa chini. Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni kuteremka barabarani kwenye mvua nikimfuata mama yangu, na yeye simwoni, kwa sababu ameubeba mlango mgongoni kwa kamba kama mzigo wa kuni. Nilikuwa nauona mlango tu, una miguu, unatembea mbele yangu.

Baada ya hapo tukakaa kwa watu. Huku mwaka, kule miezi. Wakati ndugu yangu alipopata pa kukaa Keringet, shosho akaenda huko na mlango wake, akauegemeza ghalani, maana nyumba ya mwanawe ilikuwa na mlango tayari. Mimi nikaenda kiwandani kama baba yangu, nikapasua mbao mpaka masikio yakapungua, nikanunua ile ploti kule chini karibu na ziwa. Taito yake, ile hati ya kumiliki ardhi, ilikuwa ya kwanza katika ukoo wetu. Unajua shosho alifanya nini nilipompelekea habari? Alienda ghalani akaanza kuupangusa mlango vumbi.

Alikuja nao juu ya lori la mbao, amekaa mbele na dereva, mlango nyuma. Tuliutia pamoja, mimi nikifunga skrubu naye ameushikilia. Akatazama huku na huku, nyasi tupu na ziwa kule mbali likimeta, akasema, "Hapa hakuna miti ya kutuhamisha." Alifariki kabla ya maji kuja, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa ziwa lenyewe. Wewe ulizaliwa ukilikuta, lakini hebu fikiria tulivyolitazama sisi. Ziwa lilikuwa la mbuga. Kulikuwa na fensi ya umeme, na kila kilichokuwa ng'ambo ya fensi kilikuwa cha serikali: nyati, fisi, nyani na maji. Nyati akitoka, unaenda langoni kuripoti, wanakuja na gari wanamrudisha. Ndivyo tulivyoishi, na tuliishi vizuri. Kwa hivyo maji yalipovuka fensi, mimi na jirani yetu Mzee Langat tulifanya kile ambacho watu wazima wenye akili zao wangefanya. Tulipiga mashati pasi tukaenda kuripoti.

"Boss," Langat alimwambia kijana wa langoni, kwa ile sauti yake aliyotoka nayo jeshini, "tumekuja kupiga ripoti. Maji yenu imetoka."

"Imetoka wapi, mzee?"

"Kwa fensi. Iko kwa shamba ya huyu. Imelala kwa sukuma wiki yake tangu juzi."

"Sasa wazee, mnataka tufanye nini?"

"Mrudishe."

Yule kijana alijitahidi asicheke, nusura apasuke. Akasema, "Wazee wangu, ingekuwa nyati ningekuja saa hii." Tukarudi tumenuna njia nzima, tukisema watoto wa siku hizi hawana heshima.

Cheka, nakuruhusu. Lakini ukimaliza, utazame vizuri. Hatukuwa wajinga. Waya ule ulikuwa umetufundisha kwa miaka mingi kwamba hatari ina mwenyewe, na mwenyewe ana lango, na langoni kuna kijana mwenye redio. Huko uendako watu nao watakuwa na waya wao. Labda ni ukuta wa mawe mtu aliojenga kwa jasho lake, labda ni neno la babu yake kwamba bahari haipiti mnazi fulani. Ukimwambia maji yanakuja kabla hujajua waya wake uko wapi, atakusikia kwa sikio moja.

Kisha akaja bwana mmoja wa ofisi, anapita nyumba kwa nyumba kutuambia tuhame. Alikuwa kijana mzuri, sina neno baya juu yake hata leo. Alikuwa amevaa gambuti mpya, zile buti za mpira, na fomu yake kwenye ubao. Maji yalikuwa yamefika uani lakini hayajaingia ndani, naye hakutaka kukanyaga, basi alisimama kule pakavu mimi nimesimama mlangoni, tukawa tunapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

"Mzee, unajua uko kwa hatari?"

"Najua!"

"Unaona maji itapanda ama itashuka?"

"Itashuka!"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Mungu yuko!"

Akaandika. Nilimwona akiandika, na haikuwa sentensi ndefu. Akanipungia mkono, akaenda kwa jirani. Sijui aliandika nini, lakini nadhani wewe unajua, kwa sababu ndilo neno ulilolisema Jumanne.

Mama, nilikuwa najua maji yanapanda. Mimi ndiye niliyekuwa nikihamisha kigingi cha mbuzi kila asubuhi. Lakini sokoni watu walikuwa wanasema serikali imeyaachia maji makusudi ili mbuga ipanuliwe, na mimi nililiamini neno hilo, si lote lakini nusu yake. Si ujinga wa maji uliofanya niamini. Niliamini kwa sababu nilikuwa mjuzi wa kuhamishwa. Mtu aliyesimama kwa mbali na karatasi akiniambia nihame, mimi sikumwona yeye. Niliona moshi upande wa chini wa kijiji. Hayo ningemwambiaje kwa kupiga kelele juu ya maji? Kama angeuliza swali moja tu, tulikuwa tunakaa wapi kabla ya hapo, ningemwambia apige hatua aingie, ningemwekea chai, na ningemwonyesha mlango.

Sasa nifike kwenye maranda, na hapa sitacheka.

Karakanani maji yakimwagika tunafanya nini? Tunamwaga vumbi la mbao, linanyonya, tunafagia. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Basi nikaenda Elburgon kwa watu niliofanya nao kazi, nikaomba maranda na vumbi, wakanipa wakishukuru maana walikuwa hawana pa kuyatupa. Lori baada ya lori. Nikainua ua wote, nikashindilia kwa miguu. Mama yako alisimama na mikono kiunoni akasema, "Baba Wairimu, ziwa si chai iliyomwagika." Mimi nikamwambia wanawake hawajui mbao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye mkuu alikuwa ananipikia kila siku.

Maji yalikuja chini ya yale maranda yakayainua yote. Tuliamka ua unaelea. Maranda yalikwenda kwa Langat, yakaingia kwa mama wa maziwa, mengine yalirudi nyuma ya nyumba mahali pasipo upepo yakatulia hapo. Wiki hiyo hiyo mama yako akakusanya vitu, akaniambia, "Mimi naenda Lanet na watoto. Wewe baki na taito yako, mpikiane."

Nikabaki. Sikujiona mkaidi. Nilijiona mwana wa mama yangu.

Ulikuwa kidato cha kwanza. Mama yako alikukataza kuja, nami sikukuomba, lakini ukitoka shule ulikuwa unakuja na githeri, mahindi na maharagwe ndani ya hotipoti, viatu umevifunga shingoni kwa kamba zake, sketi umeikunja, unatembea kwenye maji ya magotini ukifuata njia kwa kumbukumbu. Unanipa chakula, unanihadithia ya shule, unarudi. Najua nilipaswa kukuzuia. Nilikuwa nafurahi mno kukuona.

Siku ile ulichoka na maji, ukaamua kuzunguka nyuma. Uliona mahali pakavu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nakutazama, nikaona unapanda pale kwenye maranda yaliyotulia, rangi ya udongo, laini kama sakafu iliyofagiwa. Na mimi ndiye niliyechimba kisima pale. Mbao zilizokifunika zilikuwa zimeelea zikaenda na maji. Ulishuka bila kelele, maranda yakajifunga juu yako, ikabaki hotipoti tu inazunguka.

Sijui nilifikaje. Nakumbuka sweta. Nilishika sweta, nikavuta, nikafikiri kama uzi utakatika nitaingia na mimi, mambo yaishe. Haukukatika. Nilikubeba mpaka barabarani ukitapika maji yenye vumbi la mbao, na neno la kwanza ulilosema, meno yakigongana, ulisema, "Dad, githeri imemwagika."

Nilihamia Lanet siku hiyo hiyo, na nguo nilizokuwa nimevaa.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, usije ukafikiri ninakwambia uende Pwani ukawabembeleze watu tu. Yule kijana wa gambuti alikuwa na haki. Maji yalikuwa yanakuja kweli, na mimi kwa ugumu wangu nilikaribia kukuzika. Huruma isikufanye umeze neno. Mwambie mtu ukweli wote, hata akikasirika, hata kama amekupa chai. Ninachokuomba ni usiseme kwa mbali, ukiwa umesimama.

Na kuna jambo jingine la kuwauliza wakubwa wako kwa sauti. Mkiwaondoa watu ufuoni, pale patakuwa pa nani? Mwaka huu maji yaliporudi nyuma kidogo, kuna bwana alikuja kwetu sote wa ziwani, akitaka kununua ploti zilizoibuka ajenge nyumba za wageni zinazotazama maji. Palepale ambapo sisi tuliambiwa hapakaliki! Mtu wa Pwani akikuelewa akahama, halafu mwakani aone hoteli imesimama palipokuwa na jiko lake, usimwite mgumu tena. Mzee Langat alimjibu yule bwana vizuri kuliko mimi. Alimwambia pale ni pa nyasi na ng'ombe, kwa sababu maji yakija ng'ombe hawangojei kuambiwa.

Sasa jambo lako la pili.

Siku ile ya kisima nilipotoka, sikuung'oa mlango. Mama yako aliniuliza tukifika, "Na mlango?" Nikasema nitaufuata. Sikuufuata. Nyumba ilianguka ukuta kwa ukuta lakini miimo ilikuwa ya mtarakwa, ikasimama, na mlango ukabaki umening'inia humo majini peke yake, ndege weusi wakiukalia. Watu waliniambia wanauona kutoka juu. Nilikuwa nafurahi kusikia hivyo. Kwa desturi ya mama yangu, mlango ukiwa bado kwenye bawaba, mtu hajahama, ametembea tu. Miaka yote hii tukiwa hapa Lanet, mimi nilikuwa nimetembea. Mama yako alijua. Wewe nadhani ulijua pia, ndiyo maana kila nikisema "maji yamerudi kwao" unaacha kula.

Jumatatu nilienda ziwani, na sitakuficha, nilienda na kamba ya kupimia. Nilitaka kuona nguzo zitakaa wapi. Udongo umekuwa mweupe kwa magadi lakini unakanyagika. Nilipima upande wa mbele. Nilipozunguka nyuma nikaona mahali pazuri, pa usawa, nyasi changa zimeota, pamekauka kuliko kwingine kote. Nilikuwa nimeshainua mguu. Halafu nikakumbuka. Nikachukua ufito nikachoma, ukaingia wote, mkono ukaufuata. Maranda yangu bado yako mle, mama. Yameoza, yameota nyasi, yanamngoja mtu mwingine.

Nilimwita Langat na wanawe tukakijaza kile kisima kwa mawe, kutwa nzima, mpaka kikakataa. Halafu nikauendea mlango. Skrubu zilikuwa zimekuwa kutu tupu, nikazikata. Nikaubeba mgongoni kwa kamba mpaka barabarani, na nilijua jinsi ninavyoonekana kwa nyuma.

Uliuona umeegemea karakana jioni ile, ukanuna. Ulifikiri nimeuleta niutengeneze nikautie kwenye nyumba mpya. Ningekueleza Jumanne mezani, nilikuwa nimejipanga kabisa, lakini ukatangulia na habari ya watu wagumu. Nikaona nikisema sasa, utadhani umenishinda kwa maneno. Baba yako ana majivuno yake.

Zile kelele za randa zilizokuamsha asubuhi wiki hii, ukaja na blanketi kichwani kuniuliza, "Dad, hiyo kazi ni ya nani haiwezi kungoja?", kazi yenyewe ilikuwa ni yako. Chini mlango ulikuwa umeoza na ubao wa pembeni umepasuka, lakini katikati, maji yaliposhindwa kupenya, mtarakwa bado ni mwekundu na bado unanukia. Nimekutengenezea kigoda. Kiko chini ya kitanda chako, kimefungwa gunia. Najua utasema mzigo umejaa. Toa viatu.

Huko watakucheka Kiswahili chetu. Waache wacheke, mtu akikucheka ameshaanza kukukaribisha. Ukifika kwa mtu, bisha hodi, ungoje, ukiruhusiwa weka kigoda chako ukae, na ni kifupi makusudi ili mwenyeji akutazame kutoka juu. Karatasi ziache kwenye mkoba kwanza. Muulize walikuwa wanakaa wapi kabla ya hapo. Halafu nyamaza umsikilize, hata kama ataanza na babu ya babu yake. Ukimaliza kusikia, mwambie ya bahari.

Vipande vilivyobaki mama yako ameshavichukua, ametengenezea banda la kuku mlango. Shosho angetucheka sana. Kule ziwani hakuna tena kitu changu kilichosimama, na hata nikitaka kurudi sina mlango wa kurudi nao. Kwa hivyo usinifanye mimi kuwa sababu, Wairimu. Ukiulizwa na baba ya mtu kama wako amehama, mwambie amehama.

Nasikia lango. Umerudi, unamwita mama yako aje aone nywele, unacheka. Nitaiweka hii ndani ya gunia pamoja na kigoda.

Nenda kazini, mama.

Ni mimi baba yako, na ukinitafuta sasa hivi usinikute, naangalia kuku.